Maji Yafungwe kwa Saa, Yafunguliwe kwa Saa

Mada ya leo ni kufungwa kwa maji kwa muda: ile amri inayotolewa pale fataki zinaporushwa kando ya ziwa, bahari au mto, kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani boti, mashua na mitumbwi visipite mahali fulani. Kuna atakayeuliza jambo hili linatuhusu nini sisi tulioko huku Malawi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, mbali na ufukwe. Linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kambi hii imejaa watu wa maji. Wengi wametoka Uvira, Baraka, Fizi, Kalemie, Rumonge na Bujumbura, pande za Ziwa Tanganyika. Ni watu ambao wazazi wao waliishi kwa samaki wa ndagala na mikeke, na ambao hadi leo wana ndugu wanaoingia ziwani usiku. Pili, wakazi wa Lilongwe wenye nafasi, Desemba ikifika, hushuka Salima na Mangochi kuupokea mwaka mpya kando ya Ziwa Malawi, na penye hoteli, muziki na umati wa mkesha, fataki haziko mbali. Ziwa hilohilo ndilo shamba la wavuvi wa samaki wa usipa, na usiku ndio saa zao za kazi. Sherehe na kazi zikikutana juu ya maji yaleyale bila utaratibu, mtu ataumia. Kwa hiyo nasema maji lazima yafungwe. Ila katazo hilo linastahili kutiiwa pale tu linapokuwa limepimwa: eneo lake lijulikane, saa ya kuanza na ya kuisha zitajwe, sababu isemwe, na aliyeleta hatari ndiye abebe gharama. Katazo lisilo na hayo ni mabavu, hata likipigwa mhuri.

Tuanze na baruti yenyewe. Fataki za maonyesho si hizi ndogo ambazo watoto huwasha mkononi. Ni ganda la karatasi ngumu lililojazwa baruti na vidonge vya kemikali vinavyotoa rangi. Ganda hutiwa ndani ya bomba lililosimamishwa wima, baruti ya chini hulisukuma juu, na utambi wa ndani hulipasua likishafika angani. Ukubwa wake hupimwa kwa inchi za kipenyo. Kanuni ya wataalamu wa kuzuia moto nchini Marekani imeweka kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukikokotoa: kwa kila inchi moja ya kipenyo, watazamaji wakae umbali wa futi 70, yaani kama mita 21. Ganda la inchi 3 linadai mita 64 tupu kila upande. La inchi 6 linadai mita 128. La inchi 12 linadai zaidi ya mita 250. Sasa vileteni vipimo hivyo hapa Dzaleka. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo inabeba zaidi ya 50,000. Ni wapi hapa utakapozungusha duara la mita 64 lisilo na nyumba, jiko la mkaa, kibanda cha biashara wala mtoto anayecheza? Hapapo. Ndani ya Lilongwe penyewe viwanja vya namna hiyo ni vya kuhesabu. Ndiyo maana kote duniani warusha fataki hukimbilia majini. Maji hayana paa la nyasi, hayashiki moto, na hayana wakazi. Lakini hilo la mwisho lina sharti lake: waliomo majini wawe wametoka.

Ushahidi wa faida ya umbali upo wazi, na unatoka jimbo moja la California katika miaka miwili iliyofuatana. Tarehe 4 Julai 2012, katika ghuba ya San Diego, fataki za sikukuu ya uhuru zilikuwa zimepangwa juu ya matishali yaliyotia nanga mbali na ufukwe. Onyesho lilitakiwa lichukue kama dakika 18. Kwa sababu ya hitilafu katika mafaili ya kompyuta iliyoongoza urushaji, zote zililipuka kwa mkupuo mmoja, na kila kitu kikaisha ndani ya sekunde zisizofika 30. Ulikuwa mlipuko wa kutisha, na bado hakuna aliyeumia, kwa sababu hapakuwa na mtu wala chombo karibu na matishali yale. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, katika bustani ya mji wa Simi Valley, fataki zilirushwa kutoka ardhini. Ganda moja lilipasuka kabla ya wakati, mabomba yakapinduka yakawaelekea watu, na zaidi ya watu 30 wakajeruhiwa, wakiwemo watoto. Kitaalamu, hitilafu ya San Diego ilikuwa kubwa kuliko ya Simi Valley. Kilichookoa watu San Diego ni maji matupu yaliyowazunguka warushaji. Anayedhani kuwafukuza wenye boti ni usumbufu wa maofisa wasio na kazi aiweke mifano hii miwili mbele yake kabla hajaendelea.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa manahodha, na lina heshima yake. Wanasema: sisi tunaona. Fataki si mwamba uliojificha chini ya maji. Ni moto unaoonekana kilomita nyingi, na mtu mwenye akili ataupisha mwenyewe. Nawajibu kwamba usiku wa fataki ndio usiku ambao macho ya nahodha hayaaminiki. Jicho likishazoea giza linaona kivuli cha mtumbwi usio na taa. Likipigwa na mwanga mkali linapoteza uwezo huo mara moja, na linahitaji dakika 20 hadi 30 kuurudisha. Wakati huo wote nahodha anaendesha kama aliyefungwa kitambaa. Halafu kuna upepo. Makaa na mabaki ya fataki hayaangukii pale yaliporushwa. Hufuata upepo, na Ziwa Malawi, lenye pepo kali za Mwera zinazoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, halihitaji kuelezwa nguvu ya upepo ni nini. Boti nyingi za ziwani hutumia mashine za petroli, na mafuta ya akiba hubebwa kwenye madumu ya plastiki miguuni mwa abiria. Cheche moja yatosha. Tena yapo maganda yasiyolipuka. Hurudi chini mazima, yakiwa na uzito wa jiwe, na mengine huelea. Hatari hizo nahodha hazioni akiwa kwenye usukani, hata awe hodari namna gani, na mtu hawezi kukipisha asichokiona.

Jambo jingine zito zaidi husahaulika hata na wale wanaounga mkono kufunga maji. Hatari ya usiku wa fataki haimo ndani ya duara peke yake. Imo pembezoni mwake, na imo katika safari ya kwenda na ya kurudi. Tarehe 1 Oktoba 2012 kampuni ya umeme ya Hong Kong iliwapakia wafanyakazi na familia zao kwenye boti iitwayo Lamma IV ili wakatazame fataki za sikukuu ya taifa katika bandari ya Victoria. Hawakufika. Karibu na kisiwa cha Lamma, mbali kabisa na eneo la fataki, boti yao iligongana na kivuko cha abiria, ikazama upande wa nyuma kwa muda mfupi mno, na watu 39 wakafa. 8 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba manahodha wa pande zote mbili hawakuwa waangalifu, kwamba boti ilikosa mlango wa kuzuia maji uliotakiwa kuwepo, na kwamba hapakuwa na majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto. Angalieni vizuri: eneo la fataki lilikuwa limelindwa, na msiba ukatokea nje yake. Katazo linalochora duara na kusahau njia za kulifikia limefanya nusu ya kazi.

Nchi kavu imetufundisha hilohilo hapa karibu. Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, kwenye jengo la maduka la Freedom City lililoko barabara ya Entebbe, watu walitoka kutazama fataki za saa sita usiku. Wakajazana kwenye njia nyembamba, na wasiopungua 9 wakafa kwa kukanyagwa na kukosa hewa, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Hakuna aliyechomwa na fataki hata moja. Na sisi wa Malawi hatuna haja ya kwenda Kampala. Tarehe 6 Julai 2017, sikukuu ya uhuru, kwenye uwanja wa Bingu mjini Lilongwe, umati uliofika kutazama mechi ya bure ulisongamana kwenye mageti, na watu 8 wakapoteza maisha, wengi wakiwa watoto. Fataki hazikuhusika, lakini chanzo ni kilekile: watu wengi, mahali pamoja, saa moja, na waandaaji waliofikiria tamasha bila kufikiria mlango. Majini mlango hauonekani, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuusahau. Boti ikishajaa watazamaji, fataki ikipasuka upande wa kulia, wote huhamia kulia. Chombo kilichopakiwa kupita kiasi kinaweza kupinduka kwa hilo tu, hata ziwa likiwa shwari. Kwa hiyo amri ya kufunga maji lazima iseme pia boti za watazamaji zikae wapi, zibebe watu wangapi, ziwashe taa gani, zitoke kwa zamu ipi, na nani anahesabu majaketi kabla kamba haijafunguliwa.

Katazo lililopimwa lina sura gani? Mfano ninaoujua kuwa wazi kuliko mingine ni wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambao kila mwaka hutangaza maeneo mengi ya usalama ya muda kwa ajili ya fataki. Tangazo lao hutaja mahali kwa vipimo vya ramani, urefu wa duara kutoka kwenye tishali, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, na sababu. Mara nyingi muda wenyewe ni saa moja au mbili. Tangazo hutaja pia ofisa mwenye mamlaka, na huacha mlango wazi: mwenye chombo aliye na shida ya kweli anaweza kuomba ruhusa ya kupita, akapewa masharti. Siku yenyewe boti za doria huwepo, na habari hurudiwa kwenye redio za majini. Nasisitiza hilo la mlango. Ziwani kuna mama mwenye uchungu anayevushwa usiku kwenda hospitali. Kuna chombo kilichoharibika mashine kinachosukumwa na maji. Katazo lisilo na mtu wa kuombwa litamfanya mmoja avunje sheria na mwingine afe akiitii.

Mtasema huo ni utaratibu wa nchi tajiri: mtumbwi wa mti mmoja hauna redio ya majini wala ramani. Ni kweli, na sipendekezi tuige vifaa. Tuige usahihi. Malawi ina kamati za vijiji vya ufukweni zilizoanzishwa tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya usimamizi wa uvuvi; Tanzania na Kenya zina BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, kwenye mialo yao. Watu hao wanajua kila mtumbwi ni wa nani, nani ameingia majini na nani amerudi. Redio za jamii zipo. Simu za mkononi zipo. Maboya yenye taa yanaweza kutengenezwa kwa madumu na taa ndogo za sola. Kinachokosekana ni wajibu ulioandikwa kwamba mwenye onyesho apeleke habari mwaloni siku kadhaa kabla, ana kwa ana, kwa lugha ya mwaloni. Tangazo la Kiingereza kwenye gazeti la mjini halimfikii mvuvi Myao wa Mangochi wala Mtonga wa Nkhata Bay. Na kule Ziwa Tanganyika, tangazo la Kifaransa halimfikii Mbembe wa Baraka. Mtu ambaye hakuambiwa asihesabiwe kuwa amekaidi. Tena napendekeza jambo hilo liwe na meno: kama mwenye onyesho hawezi kuonyesha kwamba kamati ya mwalo ilipata habari kwa wakati, kibali chake kife, na adhabu yoyote dhidi ya mvuvi aliyekutwa ndani ya duara isisimame.

Sasa nafika kwenye pingamizi zito kuliko yote, na sitaki kulipita haraka. Mvuvi anauliza: kwa nini mimi nipishe? Ziwa ni riziki yangu. Ile ni starehe ya mgeni wa hoteli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye fataki hamjui mwenye wavu. Swali hili ni la haki kabisa. Wavuvi wa usipa hapa Malawi, kama wavuvi wa dagaa wa Kigoma na wa ndagala wa Uvira, huvua kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Taa huvuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kumbe basi watu hawa si wageni wa maji yaliyofungwa. Kila mwezi mbingu huwafungia ziwa kwa siku kadhaa, nao hupanga maisha yao kwa kufuata hilo: lini walipe deni, lini watengeneze chombo, lini waende msibani. Wanakubali kwa sababu wanaijua siku ya kufungwa na siku ya kufunguliwa. Hata makatazo ya serikali wamekwisha kuyazoea. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo. Miezi mitatu ni mzigo mzito kwa nyumba isiyo na akiba, na wapo walioulalamikia kwa sababu za msingi. Lakini ulikuwa na tarehe, ulikuwa na sababu ambayo hata mvuvi anaiona wavuni mwake, na faida yake ilikusudiwa kumrudia yeye.

Fataki hazina faida ya kumrudia mvuvi. Kwa hiyo siwezi kumwambia avumilie kwa hoja ileile ya samaki. Lazima hesabu ibadilike, na inaweza kubadilishwa kwa njia mbili zisizo ngumu. Ya kwanza ni kalenda. Mkesha wa mwaka mpya una tarehe yake, sikukuu ya uhuru ina yake, na Unguja fataki za mkesha wa Mapinduzi hufuata tarehe 12 Januari; tarehe hizo hazihamishiki. Lakini arusi, uzinduzi wa hoteli, tamasha la muziki na mashindano ya boti havina tarehe iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwenye kibali alazimishwe kuchagua usiku wa mbalamwezi, usiku ambao wavuvi wa taa hawana kazi kubwa. Mpiga picha wa hoteli atalalamika kwamba anga haikuwa nyeusi ya kutosha. Nitachagua lalamiko lake kuliko njaa ya familia ishirini. Njia ya pili ni fidia. Pale tarehe isipohamishika na usiku ukawa wa giza, thamani ya usiku mmoja wa uvuvi kwa vyombo vya mwalo ule ikadiriwe na kamati ya ufukwe, ilipwe kabla ya kibali kutolewa, na igawanywe hadharani. Anayemudu kuchoma baruti angani kwa robo saa anaimudu fidia hiyo. Na kama haimudu, basi onyesho lake lilikuwa linaendeshwa kwa pesa ya mvuvi bila mvuvi kuulizwa.

Wengine wataniambia kwamba hata hizo kanuni nzuri zitageuzwa mtego: askari wa doria atamkamata mwenye mtumbwi ndani ya duara, atamwomba kitu kidogo, na usiku wa fataki utakuwa usiku wa mavuno kwa wenye sare. Hofu hiyo sijaizua. Ndiyo maana nasisitiza vipimo. Askari hupata nafasi pale ambapo mpaka haujulikani na saa haijulikani, kwa kuwa hapo yeye ndiye mpaka na yeye ndiye saa. Maboya yakiwa yamewekwa, muda ukiwa umesomwa redioni, na mjumbe wa kamati ya mwalo akiwa amepanda kwenye boti ileile ya doria, anabaki na maneno machache ya kumtishia mtu. Na watu wa Dzaleka wana sababu yao ya ziada ya kuliogopa neno “kwa muda”. Wengi waliambiwa walipofika kwamba wangekaa kwa muda, na watoto waliozaliwa hapa sasa wana watoto wao. Mwaka 2023, mwezi Machi, serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warudi kambini, na Mei operesheni ikaanza. Maduka yakafungwa na familia zikarudishwa kwenye kambi iliyokuwa imekwisha kufurika. Si lengo langu leo kuzungumzia sera hiyo. Nasema tu kwamba mtu aliyeishi ndani ya makatazo yasiyo na tarehe ya mwisho anastahili kusikilizwa anapodai tarehe ya mwisho, hata kwa jambo la saa mbili ziwani. Anajua anachokidai.

Lipo pia lile jibu la mkato: kwa nini tusipige marufuku fataki kabisa, maji yabaki wazi? Kwa upande mmoja nakubaliana nalo. Hapa kambini, na jirani na popote wanapoishi watu waliokimbia vita, mimi napinga fataki bila masharti. Mlio wa ganda likipasuka ni mlio wa bomu kwa mtu wa Uvira au wa Kivu Kaskazini aliyewahi kulala chini ya kitanda na wanawe, na hakuna tangazo litakaloyaambia masikio yake yatulie. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa Dzaleka mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, limewaleta maelfu ya watu kambini kwa ngoma, nyimbo, mashairi na maigizo; limethibitisha kwamba furaha ya umati haihitaji mlipuko. Lakini kwa nchi nzima marufuku kamili haitazuia. Itawafukuza wenye hoteli kutoka kwenye utaratibu wa vibali, fataki zitaingizwa kwa magendo na kurushwa kutoka uani na kwenye mapaa, bila umbali, bila doria, bila mtu wa kuwajibika. Afadhali fataki chache zenye kibali na duara tupu majini kuliko nyingi zilizofichwa katikati ya nyumba. Akijitokeza mwenye kuweza kupamba anga kwa taa za droni zisizo na mlio, nitampongeza, ingawa gharama zake kwa sasa si za kila mtu.

Nimalizie na saa ya kufungua maji, kwa sababu hiyo ndiyo inayokosewa mara nyingi. Wengi hudhani katazo linaisha fataki ya mwisho inapozimika. Hapana. Ile kanuni ya Marekani niliyoitaja inataka eneo likaguliwe mara baada ya onyesho, na kama lilikuwa la usiku, likaguliwe tena asubuhi na mapema, kwa sababu ganda ambalo halikulipuka halionekani gizani. Kwenye fukwe zetu watu wa kwanza kufika alfajiri ni watoto, na mtoto akikuta kitu cha mviringo chenye utambi atakiokota. Watu wa mashariki mwa Kongo mnaonisikiliza mmeona mtoto akiokota chuma kilichoachwa na vita. Mnajua sina haja ya kuendelea. Kwa hiyo amri itaje saa mbili tofauti: saa ya vyombo kuruhusiwa kupita, baada ya ukaguzi wa kwanza, na saa ya ufukwe kufunguliwa kwa miguu, baada ya ukaguzi wa alfajiri. Ukaguzi ufanywe na warushaji wenyewe pamoja na vijana wa mwalo waliolipwa na mwenye onyesho, wakiwa na ndoo za maji na orodha ya idadi ya maganda yaliyorushwa na idadi ya yaliyosikika yakipasuka. Hesabu zikitofautiana, maji yaendelee kufungwa mpaka ganda lililopungua lipatikane, na fidia ya wavuvi iongezwe kwa kila saa inayopita.